Ukuta Hauna Macho

Mvua ilinyesha juma zima milimani, juu ya Mkuyuni. Mwanvita alikaa jikoni, dirisha limefungwa. Hakutoka tena kuchuma matembele. Mumewe, Luqmani, ndiye aliyepika, tena vibaya, maskini.

"Fungua dirisha, mama Zuleha. Moshi utatuua."

"Sifungui. Nuru ya macho yangu inakwisha. Hii kidogo iliyobaki namwekea mjukuu."

Binti yao Zuleha alikuwa mjamzito. Mwanvita alitaka jambo moja tu: kuuona uso wa mtoto huyo. Lakini ukungu ulizidi machoni. Rangi zote zilifanana na maji ya tope. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa baada ya kutiwa dawa ya majani. Sisi husema "nuru ya macho", na ni maneno matamu. Mwanvita aliyaamini kama yalivyo, yakamfungia gizani miaka mitatu.

Siku moja jirani yao Anastasia, mwalimu wa sayansi, alikuja kuwajulia hali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiyo hivyo, naitunza nuru yangu."

Anastasia hakucheka. "Bibi, hata mabingwa wa Uyunani ya kale, baadhi yao waliamini jicho hutoa nuru, kama tochi. Kisha, miaka elfu iliyopita, akatokea mtaalamu Ibnu al-Haitham wa Basra. Alichunguza nuru inayopita kwenye tundu la chumba cha giza. Akasema nuru hutoka kwenye vitu, ikaingia jichoni."

"Hayo ni ya vitabuni, mwalimu."

Nje jua lilikuwa limechomoza. Anastasia aliona tundu dogo kwenye ubao wa dirisha. Akatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mkabala. Akatoka na mwavuli wake mwekundu, akafunga mlango, akasimama juani.

Luqmani alipiga kelele. "Mama Zuleha! Mwalimu yumo humu, kwenye shuka! Kichwa chini, miguu juu! Na mwavuli wake mwekundu!"

Mwanvita alikodoa macho. Hakuona kitu. Ilimuuma sana moyoni.

"Mzee, ukuta una macho?" Anastasia aliuliza kutoka nje.

"Hauna."

"Basi hautoi nuru. Nuru imeingia yenyewe, pamoja na rangi zake. Sasa ziba tundu kwa kidole."

Luqmani akaziba. "Picha imepotea!"

Mwanvita aligusa jicho lake la kulia. Kisha akasema taratibu, "Kumbe tundu langu limezibwa."

"Nadhani ni mtoto wa jicho, bibi," Anastasia alisema aliporudi ndani. "Kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, nuru haipiti. Daktari hukitoa, akaweka kingine. Twende akupime. Na majani usitie tena."

"Na mimi nikafunga dirisha!" Mwanvita alilia.

Alifanyiwa upasuaji Morogoro mjini. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikurudi.

Zuleha alikuwa amejifungua juma hilo; siku bandeji ilipofunguliwa, alimleta mtoto. Mwanvita alimtazama mpaka akashiba. "Kanga yake ya buluu!" alisema akicheka. Kisha akageuka.

"Zuleha, mzee huyu aliyekonda ni nani?"

"Ni mimi, mke wangu," Luqmani alisema.

Mwanvita alimshika mashavu. Nywele alizoziacha nyeusi zilikuwa nyeupe zote.

"Umezeeka lini, na mimi nipo?"

"Gizani, mama Zuleha."

Siku hizi dirisha lile hufunguliwa asubuhi na mapema. Mwanvita humketisha mumewe penye mwanga, akamtazama.