Chonge la Modeste

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Léonie alichota maji, akafagia majivu, kisha akambeba mgongoni mdogo wake Modeste ili mama yao, Julienne, akapange foleni ya chakula. Waliishi katika kambi ya Mugunga, kwenye kibanda cha turubai juu ya mawe meusi ya volkano. Walikuwa wamekimbia vita huko Masisi pamoja na nyanya yao, Mukamugema, ambaye Léonie alimwita Nyogokuru kama watoto wote wa kwao. Baba alirudi nyuma kufuata ng'ombe, na hakuonekana tena. Mtoto mwingine wa Julienne, Damascène, alizikwa kando ya barabara ya Sake katika vita vya kabla ya hivi, akiwa bado ananyonya.

Asubuhi hiyo Modeste alikuwa mzito mgongoni, mwili wake moto. Alikuwa akiharisha tangu jana.

Shuleni alikuja daktari wa meno, Dokta Kaswera, mwanamke wa Butembo mwenye maneno mengi na mikono mepesi. Alikuwa akifanya utafiti juu ya meno ya watoto. Alisafisha gego la utoto la Vanessa, mwanafunzi mwenzake Léonie, lililokuwa limetoboka, akaliziba kwa dawa nyeupe inayoganda kama simenti.

"Hili litaanguka siku moja," alisema, "lakini kwa sasa linachunga nafasi ya mukubwa wake."

Kisha akapima meno ya mbele ya chini ya kila mtoto. "Nikijua ukubwa wa haya yenye kutoka, naweza kukisia ukubwa wa yale yangali ndani ya ufizi."

Darasa zima likacheka, likamwona kama mpiga ramli. Kila mmoja akataka kuambiwa yake. Zamu ya Léonie ilipofika, daktari alipima, akapapasa ufizi mahali pa chonge, akasimama, akapapasa tena. Uchangamfu wote ukamtoka.

"Mama," alimwambia Léonie kwa upole, "ulipokuwa mutoto muchanga, walikuchokola ufizi?"

"Sijui, Dokta."

"Kuna kovu hapa. Mutoto akihara, wengine wanaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, wanasema ni meno mabaya yenye kuleta ugonjwa. Wanayachokola na chuma. Kumbe ni meno yake mazuri, yanajitayarisha kutoka. Lako nafikiri halitatoka tena. Na kuna watoto wenye kufa kwa damu na kwa uchafu wa kile chuma."

Léonie hakungoja kengele. Alikimbia hadi kambini, kwa maana Modeste alikuwa akiharisha, na alimjua Nyogokuru.

Alimkuta kweli amempakata Modeste. Mbele yake alikaa mzee Buhendwa, jirani yao, akinoa spoku ya baiskeli. Mama alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu.

"Nyogokuru, hapana!" Léonie alimnyakua mtoto.

"Leta mutoto! Tangu lini wewe unafundisha wakubwa?"

Léonie hakuwahi kumbishia nyanya yake. Alipiga magoti, akafungua kinywa, akaushika mkono wa bibi kizee na kukiweka kidole chake mahali palipokuwa wazi.

"Tafuta jino langu, Nyogokuru. Dokta amelikosa."

Kidole kilipapasa ufizi mtupu. Léonie akaeleza yote aliyoambiwa. Alipofika kwenye damu na uchafu wa chuma, mama yake aliketi chini ghafla.

"Damascène," alisema Julienne. "Alichokolewa, kisha akakufa. Tulisema ni kuhara."

Mzee Buhendwa aliificha spoku ndani ya koti lake, akaondoka bila kuaga. Julienne akamfunga Modeste mgongoni, akakimbia naye kituo cha afya. Huko walimpa maji ya dawa yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, wakamwambia mama aendelee kumnyonyesha. Baada ya siku chache mtoto alianza kucheka tena.

Nyogokuru hakucheka. Alizunguka kibanda hadi kibanda kila penye mtoto mchanga, akisema maneno yale yale: "Mutoto akihara, mumupe maji ya dawa na ziwa la mama yake, mumupeleke mbio ku santre ya afya. Meno yake muyaache. Mimi nilimupenda mujukuu wangu Damascène, na ni mikono hii ilimushika wakamuchokola. Sikujua, na sikuuliza wenye kujua. Ninyi muulize."

Miezi mingi baadaye, Modeste alimng'ata Nyogokuru kidole. Nyogokuru alichungulia, akaona chonge jipya, jeupe, limetoboa ufizi lenyewe. Akalipapasa kwa muda mrefu.

"Na ya Damascène ilikuwa njiani, kama hii," alisema, akaangua kilio. Léonie aliketi karibu naye, akalia pia, huku Modeste akiwatazama na kutafuna kidole kile.