Sanda Iliyovuka Ua

Shauri la Kufyatua Silaha na Kufadhaisha Kuku. Hivyo ndivyo kituo chetu cha polisi, huku Misri ya Juu, kilivyoliandikisha, kwa kuwa kuku walipata mlalamikaji na watu hawakumpata.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Bi Fahima alikaa barazani akichambua dengu. Tangu mwanawe Dahi auawe, hakuwa amepokea rambirambi hata moja. Kwao matanga hayakaliwi mpaka damu ilipwe au isamehewe. Siku hiyo Hammam, aliyemuua, alikuwa anakuja pekupeku, kabeba sanda yake mwenyewe mikononi. Mama akiipokea, amemsamehe na yamekwisha.

Qinawi, mdogo wake Dahi, hakutaka yaishe. Alisimama kando ya banda la kuku na bunduki ya marehemu baba yao.

“Weka chini hiyo, mwanangu,” mama alinong'ona. “Wazee wamekula kiapo.”

“Wamekula na mbuzi, mama. Mimi sikualikwa.”

Hammam akatokea langoni, wazee nyuma yake. Qinawi akafyatua.

Risasi ilimwingia kifuani. Damu ikaruka hadi ukutani. Wazee wakalala kifudifudi, heshima zao zote vumbini.

Hammam aliendelea kutembea.

Qinawi akafyatua tena. Taya likachanika, likaning'inia. Akaja. Tena. Goti likapasuka, mguu ukapinda upande usio wake. Akaja. Hakulia. Hakuharakisha. Mikono imenyooka, na sanda haina hata tone.

“Anguka, mbwa wewe,” Qinawi alinong'ona. Asifike kwa mama. Asifike tu.

Bunduki ikaishiwa risasi.

Hammam akampita karibu kiasi cha kuguswa. Hakuwa anapumua. Alinuka udongo wa kaburi uliomwagiwa maji. Akapiga magoti barazani.

“Pokea, Fafa.”

Dahi peke yake ndiye aliyemwita mama jina hilo.

Mama akapokea.

Wazee walipoinua vichwa, Hammam alikuwa amelala langoni, pale ilipompata risasi ya kwanza, akikoroma damu. Daktari alimtoa risasi moja. Taya lilikuwa zima, goti zima. Uani hapakuonekana risasi nyingine, wala tundu ukutani. Afisa akaandika kwamba zilipotea njiani.

Kilichotokea ni hiki: Hammam alianguka langoni na akapona, sanda ilipokewa barazani, na matanga ya Dahi yakakaliwa siku hiyohiyo.