Gauni la Binti wa Dobi

"Mtoto wa dobi utamjua kwa mikunjo ya pasi," majirani walitania, na dobi alicheka nao. Alifua nguo za watu kutwa mpaka vidole vikachubuka. Mumewe alikuwa ameumia mgongo kazini, na siku nyingine jiko halikuwashwa. Hata hivyo binti yao alitoka nyumbani na gauni la viraka, safi, lililonyooshwa.

Padre wa mtaa alifungua kituo cha watoto wenye shida. Walipata chakula cha mchana na masomo. Dobi akampeleka binti yake. Langoni msimamizi alimtazama mtoto toka kichwani hadi miguuni.

"Huyu hana shida. Tazama alivyopigwa pasi!"

"Jana tumelala na njaa, kaka."

"Wenye njaa hawavai hivi. Mwingine!"

Hebu fikiria! Mtoto ananyimwa chakula kwa sababu mama yake anajua kufua!

Kesho yake dobi alichukua majivu ya pasi ya mkaa, akalipaka gauni alilolifua mwenyewe. Akamvua binti viatu.

"Mama, nimekosa nini?" mtoto alilia.

Dobi akajikaza kisabuni, akamshika mkono wakaondoka.

Safari hii waliruhusiwa. Lakini kabla ya sahani, msimamizi alimsimamisha mtoto ukutani ampige picha ya kubandikwa kituoni, wafadhili waione.

"Usicheke wewe! Nani atamsaidia mtoto anayecheka?"

Jioni jirani yao, mkunga wa zahanati, alimkuta dobi akilifua lile gauni huku analia. Aliposikia kisa, alipandwa na hasira.

"Mwenzangu, nani kakwambia msaada unalipiwa kwa aibu? Shida ya mtu haipimwi kwa nguo. Watu wa kituo waje nyumbani, wapige hodi, waulize mmekula nini. Na picha ya mtoto haipigwi mpaka mzazi aulizwe akubali. Ukikataa, mtoto anakula vilevile."

"Nikisema, si watamfukuza?"

"Mficha uchi hazai, mama. Twende kwa padre mwenyewe."

Walimkuta padre jikoni, mikono ya kanzu ameikunja, anasugua sufuria. Dobi alisogea mbele, akasema.

"Baba Padre, kazi yangu ni kuondoa uchafu wa watu. Hapa kwako nimelazimika kumchafua mwanangu ndipo ale."

Akamsimulia pia habari ya picha na mtoto kukatazwa kucheka. Padre akamwita msimamizi.

"Wafadhili wanataka kuiona shida, Padre," alijitetea.

"Ndiyo umwambie mtoto asicheke?" padre alifoka. Kisha akamgeukia dobi. "Nisamehe, mama. Nilikazana na sufuria, lango sikuliangalia."

Siku ileile picha zilizopigwa bila ruhusa zilibanduliwa ukutani. Msimamizi akaondolewa langoni. Padre na mkunga wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa dobi waliliona jiko baridi, na mgonjwa kitandani juu ya shuka nyeupe pe. Hakuna aliyeuliza kwa nini shuka ni safi.

Wiki iliyofuata binti alikwenda kituoni na gauni lake lililopigwa pasi na viatu miguuni. Alipolifikia lango, alisita, akamvuta mama yake mkono.

"Mama, leo nicheke?"

Dobi aliinama, akamnyoosha gauni.

"Cheka, mwanangu. Cheka, na chakula utapewa."