Hedifoni za Kila Siku

"Sponji laini! Bawaba inalia kidogo ukikunja! Muuzaji ana macho mazuri, na anajua!"

Ghorofa nzima ya maduka ya vifaa vya umeme iligeuka. Muuza chaja aliacha mteja wake akiwa amenyoosha mkono hewani, na mama mmoja aliyekuwa anachagua redio alicheka mpaka akaishika meza. Mwenye maneno yale hakuwa na habari. Alikuwa amevaa hedifoni, zile kubwa zinazofunika masikio yote, muziki umemjaa kichwani, na yeye alidhani ananong'ona.

Alikuwa mwanamke wa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, miwani ya duara na raba nyeupe zilizoonja vumbi la asubuhi hiyo. Muuzaji mwenye macho alimwashiria avue.

"Dada yangu," akamwambia, "bawaba nitaitia mafuta. Hayo mengine sina dawa yake."

"Mungu wangu! Nimesema kwa sauti?"

"Hapana. Waliosikia ni ghorofa hii tu. Ya juu watapata habari mchana."

Aibu ilimpanda mpaka miwani ikaota ukungu. Lakini hakukimbia, na hapo ndipo muuzaji alipompenda kidogo, kabla hata ya kumjua. Wengine wote aliowahi kuwaona wakiropoka na hedifoni kichwani walikimbia na hawakurudi tena.

Muuzaji huyo jengo zima lilimwita Waya. Alianza kwa kutengeneza redio na pasi, na sasa aliuza vitu visivyo na waya hata mmoja, na watu hawakuchoka kumchekea kwa hilo. Meza yake waligawana na dada yake mkubwa, aliyeuza makava ya simu upande wa pili na kuwasha redio tangu anafungua mpaka anafunga.

"Unazitaka za kazi gani?" Waya aliuliza.

"Za kila siku. Ofisini, jikoni, njiani. Ziwe rahisi, ila zisiniaibishe."

"Sasa za kuaibisha si ndizo hizo ulizoshika?" dada mtu akadakia, na wote watatu wakacheka.

Waya akavua zake zilizokuwa zimening'inia shingoni, akazionyesha. "Ni hizi hizi. Mimi mwenyewe nazivaa kutwa. Kama ni mbovu, basi tumeumia wote."

Mwanamke alizinunua. Aliacha namba ya simu kwa ajili ya dhamana, au ndivyo alivyojiambia.

Jambo ambalo Waya hakulijua ni kwamba yule mwanamke alikuwa Mpimaji. Kulikuwa na kipindi cha redio cha mchana, Jaribu Kwanza, kilichopima vitu vya bei nafuu kwa faida ya watu wa kipato cha kawaida. Mtangazaji ndiye aliyesoma hukumu, lakini aliyekaa na kitu, akakitumia mpaka kikamfichulia ubaya wake, alikuwa yeye. Pasi, birika, viatu vya mvua, vyote vilipita mikononi mwake. Hakutajwa jina wala hakusikika hewani. Na sheria ya kipindi ilikuwa moja: muuzaji haambiwi. Akiambiwa, atakutolea kile kizuri alichokificha chini ya meza.

Kwa hiyo alizivaa. Alizivaa akikaanga vitunguu, akapanda nazo ngazi, akalala nazo kwenye kochi kujua zinaumiza upande gani. Aligundua kwamba zikikaa sana zinambana miwani mpaka nyuma ya masikio panauma. Besi ilikuwa nzito kupita kiasi, hata taarifa ya habari ilisikika kana kwamba msomaji amemeza ngoma. Kitufe cha kuongeza sauti kilikuwa kile kile cha kurukia wimbo mwingine, tofauti ni kukishikilia tu, na kidole chake hakikujifunza. Lakini chaji! Chaji ilikaa mpaka akasahau waya wake ameuweka wapi.

Jioni moja simu ililia ndani ya masikio yake.

"Halo. Huduma baada ya mauzo hapa."

"Huduma gani hiyo? Nimenunua vitu vingi maishani, sijawahi kupigiwa."

"Ulikuwa unanunua kwa watu wasio na macho."

Alicheka peke yake jikoni, mwiko mkononi. Kisha akakumbuka kazi. Kipimo cha maiki kilihitaji mtu wa upande wa pili, tena mwenye kuongea kupitia hedifoni zile zile, tena mahali penye makelele. Huyu hapa, amejileta. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Umevaa zako?" akamuuliza.

"Nimevaa. Nafunga duka. Unasikia mageti yanavyoporomoka?"

"Nasikia. Na wewe nakusikia. Kama umo ndani ya sufuria hivi, lakini nakusikia."

"Sufuria yenyewe ina mfuniko?"

"Haina. Endelea kuongea."

Akaendelea. Akapiga kesho yake, na keshokutwa, na ikawa saa ya kufunga duka ndiyo saa yao. Waya alimsimulia habari za wateja waliorudisha hedifoni kwa sababu zimewafanya wasikie ugomvi wa majirani vizuri mno. Mpimaji alimsimulia habari za mama yake, ambaye kila akimkuta amezivaa humpungia mkono mbele ya uso kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Jumamosi moja walikutana, wakatembea mpaka miguu ikauma, Waya katika shati la bluu lililopigwa pasi na dada yake, yeye katika gauni la maua alilolinunua jana yake na kuapa kwamba ni la zamani.

Na kila simu aliirekodi. Mwanzoni ilikuwa kazi. Baadaye kazi iliisha, hukumu ikaandikwa, na kidole kikaendelea kubonyeza, kwa kuwa alipenda kuzisikiliza tena akifua. Zote zilikaa sehemu moja kwenye simu yake. Hakuwahi kutenganisha kazi na maisha, maana kabla ya hapo maisha ya kutenganisha hakuwa nayo.

Hilo ndilo kosa. Siku ya kukabidhi, alimtumia mtayarishaji wa kipindi rundo lote, kama alivyozoea, akaandika tu kwamba simu ya kwanza inatosha. Mtayarishaji, mtu wa haraka na mpenda vichekesho, alichagua aliyoiona tamu.

Mchana hukumu iliposomwa, meza ya Waya ilikuwa imezungukwa na wateja. Dada yake akaongeza sauti ya redio. "Nyamazeni, wanapima hedifoni! Ni zetu hizi!"

Mtangazaji alisifu chaji, akakemea besi, akasema miwani itateseka. Waya alitikisa kichwa. Yote yalikuwa kweli. "Sasa maiki," mtangazaji akaendelea. "Sikilizeni wenyewe jinsi mtu anavyotaabika katikati ya makelele."

Kisha ghorofa nzima ikasikia sauti ya Waya.

"Nimekukumbuka."

"Nini? Rudia, sijasikia."

"Nimesema nimekukumbuka."

"Bado. Sema tena."

"NIMEKUKUMBUKA!"

"Maskini kaka wa watu," mtangazaji akacheka. "Kwa mapenzi, hedifoni hizi hazifai!"

Muuza chaja alipiga meza kwa kicheko. Mtu wa duka la tatu akaita, "Nimekukumbukaaa!" na mwingine akamjibu, "Rudia, sijasikia!" Waya hakucheka. Alizivua hedifoni shingoni, akaziweka ndani ya boksi, akafunga boksi.

Jioni hiyo hakupiga. Alipopigiwa, hakupokea. Kesho yake Mpimaji alikuja mwenyewe, gauni halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Karibu, mteja," Waya akamwambia.

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. "Waya, nisikilize. Sikuichagua mimi ile simu."

"Lakini uliirekodi wewe."

"Niliirekodi."

"Na zile nyingine?"

"Zote."

"Basi. Mimi nilidhani naongea na wewe. Kumbe kila jioni nilikuwa napimwa." Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilimtisha mwanamke. "Ungeniambia tu. Ungesema, Waya, nina kazi, nisaidie. Ningekusomea hata maandishi ya kwenye boksi."

"Siku ya kwanza ilikuwa sheria. Baadaye ilikuwa woga. Niliogopa ukijua utaanza kunionyesha upande wako mzuri tu, kama wanavyofanya wote."

"Mimi huo mwingine sina wa kuficha. Majivuno yangu ulishayapigia kelele siku ya kwanza." Akageukia mteja aliyeshika kava. "Ndiyo kaka, hilo la dada yangu, muulize yeye."

Mpimaji aliondoka akitembea upesi ili asiwalilie watu. Dada mkubwa alingoja mpaka mteja amelipa.

"Wewe, hivi una akili?" akamwambia mdogo wake. "Yeye si alikusema macho mbele ya jengo zima? Mbona hakufa?"

"Yeye alijisema mwenyewe, dada. Mimi nilisemwa."

Dada mkubwa akarudi kwenye makava yake. Hapo kijana alikuwa na haki.

Mpimaji alikaa nyumbani na aibu yake na akaisikiliza ile simu upya, mara nyingi, na kila alipoisikiliza alizidi kujikasirikia mwenyewe, wala si mtayarishaji. Kulikuwa na jambo ndani ya simu ile ambalo mtu mmoja tu duniani alilijua. Asubuhi alikwenda redioni, akapita moja kwa moja mpaka kwa mtayarishaji.

"Nataka dakika chache hewani. Kuna sahihisho kwenye hukumu ya hedifoni."

"Sahihisho? Watu wameipenda ile!"

"Ile sampuli ni batili."

Mtayarishaji aliposikia ni batili kwa namna gani, alishika kichwa. "Unajua unachokifanya? Tangu tuanze hujawahi kukosea. Ukisema hili moja, wataanza kuuliza kuhusu pasi, kuhusu birika, kuhusu kila kitu. Mimi nitakutetea vipi? Naweza nisikupe kazi tena."

"Wana haki ya kuuliza."

"Mtangazaji atalisoma."

"Nitalisoma mimi."

Mchana, dada mkubwa alishusha kidogo sauti ya redio, kwa huruma. Lakini sauti ilipoanza aliitambua, akaipandisha hadi mwisho, na Waya akainua kichwa kutoka kwenye spika aliyokuwa anaifungua.

"Mimi ndiye ninayepima vitu katika kipindi hiki," sauti ilisema. "Juzi mlisikia simu, mkaambiwa maiki ya hedifoni ni mbovu, kwa sababu neno lilirudiwa mara tatu. Si kweli. Neno lile nililisikia vizuri mara ya kwanza. Niliomba lirudiwe kwa sababu sijawahi kuambiwa hivyo na mtu ninayempenda, na nilitaka kulisikia tena. Na tena. Maiki haina kosa, aliyekosea ni mpimaji. Nawaomba radhi wasikilizaji. Namwomba radhi na mwenye sauti, ambaye hakujua kwamba namrekodi, na ambaye maneno yake hayakuwa yenu."

Mtangazaji akaweka muziki.

Ghorofani kila mtu alijifanya ana shughuli. Muuza chaja alipanga chaja zilizokwisha kupangwa. Waya alikuwa amesimama na bisibisi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Bado upo?" dada yake akafoka. "Unangoja aseme mara ya pili? Toka hapa!"

Alitoka mbio na bisibisi yake.

Alimkuta kwenye ngazi za mbele za jengo la redio, amekaa, viatu amevua, mkoba mapajani. Alipomwona alisimama haraka, akakumbuka viatu, akaacha.

"Wamekufukuza?" Waya akauliza, akihema.

"Bado wanajadili. Mtayarishaji anasema simu zinaingia kwa wingi, nusu wanataka nifukuzwe, nusu wanataka kujua kama kaka amesikia."

"Kaka amesikia."

"Zile simu ni zako. Redioni wameshazifuta. Nitakupa zote, ukitaka nizifute nazifuta mbele yako."

Waya aliwaza. Alitamani kusema hapana upesi, awe muungwana, lakini hakusema asichokuwa nacho moyoni. "Futa," akasema. "Iliniuma sana, mpenzi. Tutaanza upya, na safari hii tusikie sisi tu."

Alitoa simu mfukoni mwa gauni, akafuta, akamwonyesha. Machozi yalimtoka wakati anafuta, maana alizipenda. Waya aliyaona, akaketi kwenye ngazi, akamvuta mkono naye aketi. Watu walipita na mafaili yao, wengine wakapunguza mwendo kuwatazama.

"Sasa niulize kitu," Waya akasema. "Hedifoni umeshazipima. Na mimi je? Hukumu yangu iko tayari?"

"Bado."

"Bado? Siku zote zile?"

"Wewe si wa kusikiliza mara moja moja, Waya. Wewe nakutaka kwa matumizi ya kila siku." Alikuwa anafuta pua kwa kiganja, hana urembo wowote, na hakuwa anatania. "Na kitu cha kila siku hupimwa kila siku."

Macho yale mazuri yakamkazia, yakaacha kujua kwamba ni mazuri. "Mpaka lini?"

"Mpaka tuchakae wote wawili."