Waya Uliofungwa Kitambaa

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Saumu alikuwa na kazi isiyojua likizo: kuanika dagaa wa bibi yake. Bibi Mwanvua alikuwa na vichanja vinne vya wavu pale mwaloni Bangwe, karibu kabisa na maji ya Ziwa Tanganyika. Dagaa wenyewe waliletwa na baba yake Saumu, Jumanne, nahodha wa kipe, ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja na kuvua usiku kwa taa. Baba akirudi alfajiri, Bibi na mjukuu wake huwasambaza dagaa juu ya wavu, kisha Saumu hunawa mara tatu na kukimbilia darasa la sita. Hata hivyo daftari lake la hisabati lilinuka dagaa mwaka mzima.

Adui yao mkubwa alikuwa mvua. Mvua za Kigoma hazibishi hodi. Jua linawaka, mtu anaingia ndani kuchochea moto tu, akitoka anakuta dagaa wote wameloa. Dagaa aliyeloa akiwa nusu mkavu hafai tena. Anaoza na kuwa chakula cha bata.

Ndiyo maana Saumu alipojiunga na klabu ya sayansi alijua mara moja anachotaka kutengeneza. Mwalimu Winfrida, aliyeisimamia klabu hiyo, alikuwa na bodi tatu ndogo za umeme, kila moja na ukubwa wa kiberiti. Bodi hiyo unaifundisha kazi kwa kompyuta, nayo huikumbuka hata ukiizima. Saumu na rafiki yake Leodgar waliunganisha moja na kibao chenye mistari ya shaba, na kengele ndogo ya umeme. Tone moja la maji likigusa mistari ile, kengele inapiga kelele. Wakaiita kengele ya mvua.

"Unaweza kwenda nayo nyumbani kuijaribu," Mwalimu Winfrida alisema. "Lakini sikiliza vizuri. Bodi hii inakula volti tano. Itumie na pawabenki hii. Betri nyingine yoyote usiiunge mpaka niione kwa macho yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Walielewana kweli. Tatizo lilikuwa ile pawabenki. Kengele ya mvua hutumia umeme kidogo mno, na pawabenki ikiona umeme unavutwa kidogo hivyo hudhani simu imeshajaa, basi inajizima zake kimyakimya. Saumu hakulijua hilo. Aliifunga kengele yake kichanjani, akamwambia Bibi asiwe na wasiwasi tena, akaenda shule kwa maringo. Bibi naye aliiamini mashine ya mjukuu wake, akaenda Gungu kumjulia hali mgonjwa. Saa saba mvua ikaja. Kengele haikutoa hata mlio mmoja.

Jioni ile dagaa wote wa vichanja viwili walikuwa wameharibika. Bibi hakugomba. Alichukua beleshi akawa anawakusanya wale dagaa polepole, huku akisema, "Basi, mwanangu. Mashine nayo ni kiumbe." Saumu, aliyeikuta pawabenki imejizima, angependa zaidi kama angegombezwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mbalamwezi. Mwezi ukiangaza ziwa zima, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo vipe hupumzika. Baba aliibeba betri ya kipe mpaka chumba cha stoo cha Bibi pamoja na waya mrefu wa taa, akaviweka chini na kusema maneno aliyoyasema kila mwezi: "Hii haiguswi. Hii ndiyo macho yetu kule majini."

Lakini Jumapili mchana, Baba akiwa amelala na Bibi akiwa kwa jirani, Saumu alisimama mbele ya betri ile akaisoma: volti kumi na mbili. Sasa, klabuni aliwahi kusikia kwamba bodi ina tundu jingine linalovumilia volti saba mpaka kumi na mbili. Kumi na mbili si ndiyo hiyo? Kwa nini amsubiri Mwalimu mpaka Jumatatu? Yeye mwenyewe hana macho?

Alichukua nyaya mbili nyembamba za redio mbovu. Akaufunga mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi, akaziacha ncha zake nyingine zikining'inia wazi. Kisha akageuka kuichukua bodi iliyokuwa dirishani. Mguu wake ukagusa waya. Zile ncha mbili zikakutana.

Lo! Cheche iliruka, na kabla hajajua la kufanya nyaya zote mbili zilikuwa nyekundu kama mkaa wa jikoni. Moshi mchungu ukajaa. Mmoja ulianguka juu ya mkeka, ukaanza kuutoboa. Mwingine ulilala juu ya waya wa taa ya kipe na kuyeyusha plastiki yake. Saumu aliushika kwa mkono ili autoe, akaungua vidole viwili, akapiga ukelele na kuuachia. Akachukua dasta ya jikoni, akaifunga mkononi, akauvuta waya tena. Safari hii ukakatika. Akaumwagia mkeka maji.

Bodi ilikuwa salama dirishani, haijaguswa na lolote. Betri nayo ilionekana nzima. Lakini waya wa taa ulikuwa na jeraha la urefu wa kidole, na ndani yake shaba zote mbili, ya chanya na ya hasi, zilikuwa zimekaa uchi, jirani kwa jirani.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Saumu aliogopa. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akalifunga lile jeraha mara tatu, akaukunja waya vizuri jeraha likiwa ndani. Mkeka akaukunja kona. Bibi alipouliza vidole vimepatwa na nini, alisema sufuria. Kesho yake Mwalimu Winfrida alipouliza, akasema sufuria ile ile.

Siku zikaenda. Jumatatu alimpita Baba barazani akitengeneza wavu. Siku ya Jumanne wakala ugali na samaki wa migebuka sahani moja. Kila mara maneno yalimfika Saumu kooni, akayameza pamoja na tonge. Alijiambia kitambaa kile ni kigumu, kitakaa.

Ijumaa alasiri, mwezi ukiwa umeshaanza kuchelewa kutoka na vipe vikijiandaa kurudi ziwani, Leodgar alimshika mkono wakiwa wanafagia darasa. "Hebu niambie ukweli. Sufuria gani inaunguza mstari mwembamba hivi?"

Saumu alimweleza yote, kwa sauti ya chini. Leodgar alisikiliza, ufagio umesimama.

"Sasa kitambaa," alisema, "kule majini si kitaloa?"

"Kitaloa."

"Na shaba zikigusana itakuwaje?"

Saumu aliziona tena zile nyaya nyekundu za stoo.

"Na petroli ya injini," Leodgar aliendelea polepole, maana hata yeye alianza kuogopa, "huwa wanaiweka wapi?"

Petroli ilikaa kwenye dumu, chini ya ubao wa nahodha. Waya wa taa ulipita juu yake. Saumu alijua, maana amepanda kipe kile mara nyingi tangu mdogo. Watu saba, mbao tupu, usiku kucha katikati ya ziwa. Alidondosha ufagio akatoka mbio, hakuikumbuka hata zamu, wala begi.

Alipofika mwaloni, vipe vingine vilikuwa vimeshaondoka, vimebaki vidogo kwa mbali. Cha baba yake kilikuwa kinasukumwa. Wavuvi walikuwa ndani ya maji mpaka magotini, wakiimba ili wasukume pamoja.

"Baba! Baba, msiende!"

"Nani amekufa?" Baba aliuliza, uso umembadilika.

"Hakuna. Waya wa taa, Baba. Umeungua. Nimeuunguza mimi."

Wimbo ulikatika. Baba alipanda, akauvuta ule waya kutoka juu ya dumu la petroli, akaukunjua mpaka akakifikia kitambaa. Alikitambua, kilikuwa kipande cha kanga ya mama yake, Bibi Mwanvua. Akakifungua taratibu. Wavuvi wote sita waliinama kutazama, na mmoja wao akasema, "Yarabi!" akarudi nyuma hatua moja.

"Siku gani?" Baba aliuliza.

"Jumapili."

"Na leo?"

"Ijumaa."

Baba alihesabu kwa vidole, mbele ya watu wote, Jumapili mpaka Ijumaa. "Siku hizo zote tumekula pamoja," alisema. Hakupaza sauti. Saumu alilia pale pale, bila kuona haya mbele ya mtu.

Akaitwa Fundi Dismasi, atengenezaye pikipiki za bodaboda juu kidogo ya mwalo. Alikuja na kisu na utepe mweusi wa umeme, akakata sehemu yote iliyoungua, akaunga shaba moja moja, kila moja na utepe wake, kisha akazifunga tena kwa pamoja. Wakawasha taa. Ikawaka. Kipe kikaondoka kikiwa cha mwisho, na Baba alisema neno moja tu kabla ya kuwasha injini: "Kesho."

Usiku ule Saumu hakupata usingizi wa maana. Alfajiri alipoisikia injini alikuwa tayari ameshasimama kwenye mchanga. Walirudi wote saba, na dagaa wa kutosha. Alianika na Bibi kama kawaida, kisha, bila kutumwa na mtu, akaenda kwa Mwalimu Winfrida kumrudishia bodi na kumwambia habari ya sufuria ambayo haikuwa sufuria.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuipokea bodi. "Twende kwenu," alisema.

Walimkuta Fundi Dismasi barazani akinywa chai. Alikuwa amekuja kuuangalia tena ule waya, na alikuwa akimsalimia Bibi kwa Kiha, "Mwakeye, Mama," Bibi akimkaribisha maandazi. Betri ilikuwa pembeni, juu ya ubao, imeungwa na sola.

"Fundi, tupimie hiyo betri," Mwalimu alisema.

Dismasi aliitoa sola, akagusisha mita yake. "Kumi na tatu."

"Imeandikwa kumi na mbili!" Saumu alisema.

"Hilo ni jina lake," Dismasi alicheka. "Mimi naitwa Dismasi nikiwa nimeshiba, na nikiwa na njaa naitwa Dismasi. Ikijaa inapita kumi na mbili, ikiwa kwenye sola inapanda zaidi. Hiyo bodi yako ingechemka mpaka ikauke. Bahati yako ulianza kuunguza waya."

"Na ungeungaje, Fundi?" Mwalimu aliuliza, ingawa ilionekana jibu analo.

Dismasi alitoa mfukoni kifaa kidogo cheusi, kile ambacho waendesha bodaboda hukifunga kwenye usukani ili wachajie simu. "Hiki kinapokea kumi na mbili, kumi na tatu, hata kumi na nne, kinatoa tano tu. Tena hakijizimi kama hiyo pawabenki yenu niliyosimuliwa. Ila peke yake hakitoshi." Akaonyesha kijibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani. "Fyuzi. Inakaa hapa kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Kukitokea shoti, yaani nyaya zikigusana, uzi huu unakatika kabla waya haujawa mwekundu."

"Na betri ungeiunga lini?" Mwalimu alimgeukia Saumu.

Saumu alifikiri. Alikumbuka zile ncha mbili zikining'inia. "Mwisho. Baada ya vingine vyote."

"Na kuitoa?"

"Ya kwanza."

"Na utaiunga tena juu ya mkeka?" Bibi aliuliza, akichungulia kutoka jikoni. Kumbe kona iliyokunjwa aliiona tangu Jumapili! Wote wakacheka, hata Saumu, machozi yakimlenga.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini, macho mekundu ya kukesha. "Njoo hapa, Saumu," alisema, naye akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Betri usiku ni yangu. Mchana inakaa hapa bure, na mchana ndio dagaa huanikwa. Mchana itumie, Fundi akishakufungia na Mwalimu akishaona. Hilo la betri limekwisha. Kuunguza waya si kosa ninalokuhesabia sana, mimi mwenyewe nimeunguza nyingi. Nisikilize hili jingine. Mashine yako ilinyamaza mvua ikinyesha, dagaa wa bibi yako wakaoza, ukasikitika. Wewe ulinyamaza siku tano, na safari hii tungeoza sisi watu saba. Ukiona hatari, lia. Hata kama aliyeileta ni wewe. Hasa kama aliyeileta ni wewe."

"Nimesikia, Baba. Nisamehe."

"Ulilia jana kwa kuchelewa. Lakini ulilia, na ndiyo maana niko hapa nakunywa chai." Akamshika kichwa. "Nimekusamehe."

Wakaifunga kengele asubuhi ile, fyuzi kwanza, betri mwisho, Saumu akifanya kwa mikono yake na watu wazima wawili wakimtazama. Saa nane mchana anga ilikuwa safi, Bibi amesinzia, Baba anakoroma ndani. Kengele ikalia. Saumu aliitazama mbingu, hakuona kitu, halafu tone moja likampiga puani.

"Mvua!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote, kengele inalia na yeye analia. "Bibi! Baba! Amkeni, mvua!"

Na nyumba nzima ikatoka mbio.