Chupa Elfu Nane za Dawa ya Kikohozi

Mwanamke wa tano kwenye foleni ya duka la dawa hakuwa mgonjwa. Alikuwa na kiwanda. Kila mwezi alivaa gauni la kawaida, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kujionea dawa yake ya kikohozi inavyouzwa. Siku hiyo akamsikia mfamasia, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akimwambia mama mmoja aliyebeba mtoto, "Hiyo usichukue, mama. Kifuniko kinavuja. Chukua hii."

Damu ilimchemka. Akaipita foleni nzima.

"Unajua hiyo dawa ni ya nani?"

"Ya mtu asiyejua kufunga chupa."

"Ni yangu."

Watu waliangua kicheko. Mfamasia hakuona haya hata kidogo. "Basi karibu, Bi Kikohozi. Kaa pale nimalize wagonjwa, nikuonyeshe tatizo."

Alikaa saa nzima huku amefura. Kumbe mfamasia alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mwaka haukuisha, vifuniko vilikuwa vimebadilishwa, na mwanamume yule alikuwa mkuu wa ubora kiwandani kwake na mchumba wake pia.

Kiwanda chenyewe, ambako sasa wote walimwita Mkurugenzi, alikianzishia jikoni kwa mama yake, kwa sufuria moja, akikoroga mafuta ya upele na kuyauza mlango kwa mlango. Miaka kumi na miwili watu walimwambia haiwezekani, naye akawathibitishia kwamba inawezekana. Mazoea yana taabu: alizoea kushinda hadi akasahau kusikiliza.

Jumapili moja waligombana. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara ya tatu kwa sababu ya mtambo mpya.

"Mimi ni mchumba wako au kibarua wako?" mfamasia aliuliza, akaondoka bila kula.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi alikuta lebo nyekundu kwenye chupa elfu nane zilizokuwa zikingoja lori. Akapiga simu palepale ghalani.

"Umezuia mzigo wangu?"

"Nimeuzuia. Una mashapo yasiyochanganyika hata ukitikisa. Mtoto atakayepewa kijiko cha mwisho atakunywa dozi ya watoto watatu."

"Au unanikomoa kwa ya jana?"

"Hebu rudia."

"Umenuna, ukazimalizia chupa zangu hasira zako."

"Sahihi yangu hutaipata."

"Kiwanda ni changu, mpenzi."

Neno mpenzi lilitoka kama tusi. Akaibandua lebo kwa kucha zake mwenyewe na kuamuru lori lipakiwe. Mfamasia akaja mbio kutoka maabara, akasimama mlangoni akimtazama, kisha akavua koti, akatoka getini bila kuaga.

Mchana Mkurugenzi alifungua kabati la sampuli, zinakowekwa chupa chache za kila mzigo hadi zipitwe na muda. Alitaka ushahidi kwamba amedanganywa. Akaipindua chupa moja. Mashapo yalibaki yameganda kitakoni kama uji ulioshika sufuria. Akaitikisa mpaka mkono ukauma, akatikisa ya pili, ya tatu. Halafu akampigia dereva.

"Geuza gari. Hata kama umefika, geuza."

Bahati nzuri hakuna chupa iliyokuwa imeshushwa. Jioni hiyo akabisha hodi kwa dada wa mfamasia.

"Wifi, yumo ndani," dada alisema. "Mimi ya kwenu siingilii."

Mfamasia alikuwa akipiga pasi mashati, akiyakandamiza kana kwamba yamemkosea.

"Ulikuwa sahihi," Mkurugenzi alisema.

"Nalijua hilo."

"Sasa una hasira ya nini?"

"Lebo ile angeibandika mtu mwingine, ungeibandua?"

Alitamani kudanganya. "Hapana."

"Uliibandua kwa sababu ni mimi. Ulijua utanibembeleza jioni yaishe. Siwezi kuwa mume wako na mkaguzi wako. Chagua. Nirudi kiwandani, au tuoane utafute mkaguzi mwingine."

"Usinifanyie hivi."

"Chagua."

Hasira ilimpanda. Alimkasirikia yeye, akazikasirikia chupa, akajikasirikia mwenyewe kuliko vyote. Alimtaka mwanamume huyu kwa moyo wake wote, alitaka kumwona kila asubuhi upande wa pili wa kitanda. Lakini wafanyakazi wake wote aliwajua. Angeweka mkaguzi mwingine yeyote, huyo angeinamisha kichwa na kutia sahihi pale bosi atakapokunja uso.

"Rudi kiwandani," alisema.

Mfamasia akaiweka pasi chini. Macho yake yalijaa machozi, ndipo Mkurugenzi akajua kwamba alikuwa akiliombea lile jibu lingine.

"Kesho saa mbili," mfamasia alisema. "Na simu za kupigiana nyumbani tuziache."

"Tutaziacha."

Sebuleni yule dada, aliyesikia yote, aliinuka kumsindikiza. Alifungua kinywa kumuaga, akasita, hakujua tena amwiteje.