Dawa Mpya za Winfrida

Kasiani alikuwa akifunga matenga ya kabichi, lakini jicho lake halikuwa kwenye kamba. Lilikuwa kwa bintiye Winfrida, aliyeketi jikoni amechoka tangu asubuhi. Nguo zilimpwaya. Marehemu mama yake, Irene, naye zilianza kumpwaya hivyo hivyo.

Irene alifariki kabla dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazijafika kwao Mgeta, huko milimani. Wakubwa walisema nchi imefunguka kwa biashara. Mitumba ikapanda mlimani, redio zikapanda. Dawa ndiyo iliyokawia.

"Baba, kliniki wamenibadilishia dawa," alisema Winfrida. "Eti za mwanzo hazimwezi tena kirusi."

Kasiani akaitupa kamba. "Wanakufanyia majaribio hao. Wewe ni panya? Twende wakanieleze mimi."

Kliniki walimkuta nesi Cecilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yake mlimwacha akafa. Sasa mnamtaka na huyu?"

"Pole, baba. Una haki ya kuuliza. Hebu niambie. Kabichi ukizipiga dawa uliyoizidishia maji, leo umepiga, kesho umeacha, mdudu anakuwaje?"

"Anaizoea. Hata umwagie ndoo nzima, yeye anatafuna tu."

"Ndipo unafanyaje?"

"Natafuta dawa ya aina nyingine. Siyo ile ile kwenye kopo jipya."

"Na kirusi ni hivyo hivyo. Dawa za mwanzo zilimzuia asizaliane. Zikarukwa, akazizoea. Kwenye hizi mpya mna aina nyingine: inazuia virusi wachanga wasikomae. Asiyekomaa hana nguvu ya kushambulia mwili."

Kasiani akamgeukia bintiye. "Uliziruka?"

Winfrida akainama. "Nikipeleka mzigo Dar, baba. Nimeze vipi mbele ya wenzangu juu ya lori? Wale wana midomo."

Kasiani alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea.

"Na hizi akizizoea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zitakazobaki ni chache sana. Kwa hiyo asiruke. Ameze saa zile zile kila siku, pamoja na chakula. Tumbo linaweza kumwendesha mwanzoni. Likizidi, aje. Asiache mwenyewe."

Tumbo lilimwendesha kweli. Kasiani akakosa usingizi, akisikiliza mlango wa uani. Winfrida alirudi kliniki, akasaidiwa, likatulia. Masika yalipokwisha, kinga zake zilikuwa zimepanda. Akaanza kubeba tenga mwenyewe.

Siku aliyorudi safarini, dereva wa lori, Ernest, alipiga honi.

"Winfrida, panda. Dar inatungoja."

"Nawe ningoje. Nameza dawa."

Akamaliza kiazi chake, akameza mbele ya wote. Kasiani, tenga mkononi, akasimama kumtazama.

"Za nini hizo?" mchuuzi mmoja aliuliza toka juu.

"Za virusi. Wewe umeshapima?"

Watu wakacheka. Mchuuzi akasogeza magunia yake ili Winfrida apate pa kukaa. Lori zima likangoja mpaka amalize maji.